Somo la Robo Hii: Taa ya Breki Ikiwaka



Pikapu zetu za zamani hupanda na kushuka vilima vya Bukoba na Muleba zikibeba saruji, na mara nyingine wagonjwa. Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, dereva asimame mahali salama.

1. Ashushe hendibreki kabisa.

2. Taa isipozimika, atazame chupa ya mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN, huenda pedi zimelika au mafuta yanavuja. Kuongeza mafuta tu ni kuficha ugonjwa.

3. Akanyage pedali. Ikizama, gari lisiondoke, aitwe fundi.

Tunaomba kamati zisimlaumu dereva anayeahirisha safari kwa sababu hiyo. Analinda uhai.