Binti Yangu Anavutiwa na Wasichana

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 17 ameniambia anavutiwa na wasichana wenzake. Je, anataka kuwa mwanamume? Nimtafutie dawa? – Mama, Mombasa

JIBU: Mama, hayo ni mambo mawili. Anayevutiwa naye ni jambo moja. Anavyojitambua nafsini, mwanamke au mwanamume, ni jingine. Anaweza kupenda wasichana na bado akajiona msichana kamili, na dera lake na hina mikononi. Dawa hakuna kwa kuwa ugonjwa hakuna: Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Vipigo na kulazimishwa abadilike vitamletea sonona tu. Amekuamini wewe, usimtangaze kwa ndugu wala shuleni. Msikilize, tafadhali.