Paka Mgonjwa Aliyeokotwa na Dawa Zisizo Zake

Katika miji na vijiji vya Handeni na Korogwe, paka hufugwa hasa kwa ajili ya panya. Paka aliyeokotwa akiwa kilema au mwenye maradhi ya kudumu hawezi kazi hiyo. Hupokewa kwa sababu tu ni mpole na hupenda watu. Huruma ya namna hii ni njema, ila huweza kumwua.

Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja nguvu parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua: damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia, uso huvimba. Dawa za kupe za kuogeshea ng'ombe, ambazo hazikosi katika nyumba za wafugaji, nazo ni hatari. Zile zenye pemethrini humletea mitetemeko na degedege. Aulizwe daktari wa mifugo kwanza, si jirani.

Virusi vya upungufu wa kinga vya paka havimwambukizi binadamu. Hofu hiyo haina msingi. Kichaa cha mbwa ndicho cha kuogopwa, kwa hiyo paka achanjwe tangu umri wa miezi 3. Aking'ata, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha majeruhi afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwani vimelea vya toksoplasma huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, mjamzito asikiguse.