Laptopu na Sharti la Awamu
Nilitafuta laptopu ya kuhariri picha za harusi, na gemu ya mpira kidogo baada ya Isha. Nilianza na kioo. Kisichokaribia asilimia 100 ya sRGB hufifisha rangi. Unaziongeza, kisha kwenye simu ya bwana harusi hina inawaka kama moto. RAM ya GB 16 na SSD, basi.

Niliipata, kwa awamu. Bei ya awamu kuzidi ya taslimu wanachuoni wengi wameiruhusu, mradi mkubaliane bei moja kabla ya kuachana. Lakini mkataba uliongeza faini kwa kila wiki ya kuchelewa. Hiyo ni riba. Niliomba sharti lifutwe, muuzaji akakataa. Bado nahariri kwenye kompyuta ya maktaba, inayofungwa saa mbili usiku.