Kabla Hujaweka PIN, Kagua Laptopu Ndani

Umepata laptopu ya mtumba pale Luthuli Avenue. Muuzaji anakuhakikishia: "i5, RAM 8, SSD 256, ex-UK, haina shida." Bei ni KSh 25,000, na tayari anakusomea nambari ya till. Ngoja kidogo. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea nambari, si ya aliyeuziwa kitu tofauti na alichoambiwa.

Stika ya i5 usiitegemee. Kuna i5 ya 2012 na i5 ya 2020, na hizo ni mashine mbili tofauti kabisa. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ingia "Performance".

Kwa "CPU" utaona jina kamili la prosesa. Angalia nambari baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Hapa ndipo pesa hupotea. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukitoa chache sana za cha saba.

"Memory" ni RAM. Ikiandika "Slots used: 1 of 2", poa, unaweza kuongeza baadaye. "Disk" itakuambia kama ni SSD au HDD. SSD ya 256 ikisoma 238, hujaibiwa. Windows huhesabu hivyo.

Betri ndiyo watu wengi husahau. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha Enter. Itakuonyesha faili ilipohifadhiwa, ifungue. Kama "Design capacity" ni 50,000 na "Full charge capacity" ni 20,000, betri imebaki asilimia 40 tu. Hapo teta bei bila aibu.

Sasa, Windows yenyewe inaweza kuchezewa ionyeshe uongo. Kwa hivyo izime, iwashe tena na uingie BIOS: bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Hapo linganisha prosesa na RAM. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, achana nayo. Huenda bado ni mali ya ofisi ya mtu.

Na yule wa mtandaoni anayesema "tuma deposit kwanza"? Mwambie mkutane dukani, mashine ikiwa imewashwa.

Ukiridhika, hakikisha S/N iliyo chini ya laptopu, au Service Tag kama ni Dell, ni ile ile iliyo kwa BIOS, na iandikwe kwa risiti. Jina la till likitokea kwa simu yako, lisome. Kama si la duka, uliza kwanza, kisha ndio uweke PIN.