Malaria inakomalia ndani ya tumbo la mbu

Mama, mbu unamujua kwa sauti yake usiku na kwa kuuma kwake. Leo tuangalie ndani ya mwili wake, maana mle njo malaria inakomalia.

Mbu anaanza ndani ya maji. Yai linatoa kadudu kanakoogelea, kadudu kanajigeuza, na kwa siku karibu 10 za joto mbu anaruka na mabawa. Mwili ule unajengwa namna gani? Nyama haishikamani yenyewe tu. Kila kiungo kinafunikwa na ngozi nyembamba sana, macho hayaioni, iliyofumwa kwa protini. Moja inaitwa kolajeni, ingine laminini. Mama aliyepika miguu ya ng'ombe anajua jamaa ya kolajeni: mchuzi ukipoa, unaganda. Kolajeni inashika umbo la kiungo, laminini inashikiza nyama mahali pake. Wataalamu walipoondoa kolajeni katika nzi wadogo wa matunda, viungo vya nzi vilipoteza umbo.

Tumbo la mbu nalo lina ngozi ile upande wa nje. Mbu jike wa aina ya anofeli akinyonya damu ya mtu mwenye malaria, anameza na vijidudu vyake. Kwa siku moja hivi vinatoboa ukuta wa tumbo, vikifika kwenye ngozi ile vinasimama. Pale kila kimoja kinajifanyia kifuko, kinakua, kinazaa maelfu. Kifuko kikipasuka, watoto wake wanakwenda mpaka kwenye mate ya mbu. Kazi yote inachukua siku 10 mpaka 14 hivi. Mbele ya hapo mbu yule anauma, lakini malaria hawezi kukupa bado. Na mbu wengi wanakufa mbele ya siku zile kutimia. Sisi tunataka wafe hivyo.

Kwa hiyo usimutoe mtoto mwenye homa ndani ya chandarua eti kwa sababu anasikia joto. Katika damu yake njo mbu anaokota ugonjwa wa kupelekea ndugu zake na watoto wa jirani. Mbu akitua juu ya chandarua chenye dawa, anaweza kufa na kifuko kikiwa kibichi. Chandarua kikipasuka, kishone. Na mtoto mwenye homa umulete siku ile ile, tumupime damu ya kidole. Akipewa dawa, azimeze zote, hata kama homa imeshuka siku ya pili.