Je, Akili Huuzwa Chupani?

Mtihani wa kitaifa unapobisha hodi, wauzaji wa "dawa ya akili" nao hawakosi. Huyu ana unga wa majani, yule ana vidonge, na kila mmoja anaapa kuwa ukimeza tu, hutasahau tena. Mtahiniwa naye, kwa hofu, hutoa pesa za matumizi alizopewa na mzazi. Je, analipia nini? Hebu tuchunguze.

Kwanza, mitishamba si upuzi. Kwinini, dawa ya malaria, ilipatikana katika gamba la mti. Artemisinini nayo ilitokana na mmea. Lakini dawa hizo zilipimwa, zikafaulu. Je, hizi za kumbukumbu?

Chukua ginkgo, mti wenye asili ya Uchina. Dawa ya majani yake huuzwa nchi nyingi kama kinga ya kusahau. Huko Marekani, wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa kura. Wazee 1,545 walipewa ginkgo mara mbili kwa siku. Wengine 1,524 walipewa vidonge vilivyofanana navyo, ila havikuwa na dawa ndani. Walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2008: waliopatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu walikuwa 277 katika kundi la ginkgo na 246 katika lile jingine. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kuwa ginkgo iliwadhuru, lakini kuwakinga haikuwakinga.

Tena, ginkgo huweza kuzidisha kutokwa na damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hivyo usimnunulie babu bila kumwuliza daktari.

Utasema, "Hao ni wazee, mimi ni kijana." Sawa, bwana. Basi mwambie muuzaji akuonyeshe vijana waliopimwa hivyo! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mbona basi wengine huapa kuwa iliwasaidia? Aliyenunua dawa mara nyingi huketi pia akadurusu. Akipita, sifa zote huiendea chupa.

Sasa, njia iliyopimwa. Mwaka wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42.

Basi ukimaliza kusoma, funika kitabu ujiulize maswali. Jipime tena kesho, kisha baada ya siku chache. Haba na haba hujaza kibaba. Na ulale! Ubongo huimarisha uliyojifunza wakati wa usingizi. Pesa za mzazi zibaki mfukoni.

ZOEZI (funika ukurasa kwanza)
1. Kwa nini kundi moja la wazee lilipewa vidonge visivyo na dawa?
2. Eleza kwa nini kusoma tena hudanganya baada ya dakika tano.
3. Tunga sentensi ukitumia: durusu, apa, ganda.