Umefikia kwa Nani? Ugeni wa Mtafiti kutoka Mbwajumali hadi Berlin

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotumwa uwandani, wawe wametoka Nairobi, Dar es Salaam, Hamburg au Bayreuth, huondoka wakiwa wamefundishwa namna ya kuandaa hojaji, kuteua sampuli na kutumia kinasasauti. Jambo moja huachwa walijifunze njiani, nalo ni kuishi ugenini. Makala haya yanashikilia kwamba ugeni si kikwazo kinachotangulia utafiti bali ni sehemu ya utafiti wenyewe; data ya lahaja au ya fasihi simulizi hutegemea mwenyeji aliyempokea mtafiti, na jinsi alivyompokea. Mfano wa kwanza ni Mbwajumali, mji wa Wabajuni katika kisiwa cha Pate. Kisha mjadala unageukia Lamu na Berlin, ambako uhusiano huo wa mgeni na mwenyeji umeacha maandishi.

Neno "mji" limetumiwa hapa kwa makusudi. Mtu wa bara anaweza kuiona Mbwajumali kuwa kijiji cha wavuvi tu. Katika pwani ya kaskazini, hata hivyo, mji (Waamu husema mui) haupimwi kwa ghorofa wala kwa wingi wa magari. Hupimwa kwa msikiti, kwa mitaa yenye majina na kwa watu wanaojuana nasaba. Mgeni anayeingia hapo akidhani ameingia shamba amekwisha kukosea kabla hajatoa salamu.

Kufika na kufikia

Anayetoka bara hushuka Mokowe, akavuka hadi Lamu, kisha akangoja boti ya kwenda Pate. Njia ya kawaida hupitia Mkanda, mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakitoka huwa haba mno kwa vyombo vingi. Kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na bahari, na ratiba iliyopigwa chapa chuoni huanza kupanguka tangu gatini. Mtafiti aliyeandika kwamba mahojiano na wavuvi yataanza saa tatu asubuhi hugundua kwamba saa hiyo wavuvi wako baharini.

Akishateremka, swali linalomngoja si la mada yake. Ataulizwa: "Umefikia kwa nani?" Inafaa kulitazama swali hili kisarufi. Kitenzi "fika" hueleza mwisho wa safari tu. "Fikia", katika kauli ya kutendea, humtia mtu mwingine ndani ya safari hiyo. Mtu anaweza kufika Mbwajumali bila ya kufikia kwa mtu yeyote, na mtu wa namna hiyo bado hajulikani. Barua ya chuo na kibali cha utafiti vina kazi yake ofisini, lakini mitaani jina la mwenye nyumba ndilo kibali. Nyumba hiyo ndiyo itakayoamua nani atazungumza naye. Mtafiti wa kiume atajikuta barazani pamoja na wazee. Wa kike atakaribishwa uani, ambako ngano, nyimbo za harusi na mashairi ya wanawake hupatikana. Tasnifu nyingi hazitaji jambo hili, ingawa lingeeleza kwa nini baadhi yake zina nyimbo za wanaume peke yake.

Mgeni ndani ya lugha yake

Lugha ya Mbwajumali ni Kibajuni, yaani Kitikuu. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hudhani kwamba angalau kwa lugha hatakuwa mgeni. Hapa ndipo anapopatwa na mshtuko. Katika lahaja za kaskazini kwa jumla, njia ni ndia, macho ni mato, kichwa ni kitwa. Zaidi ya hayo, lahaja hizo hutenganisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo sikio lililolelewa na Kiswahili sanifu haliisikii. Mwenyeji akisema "nimetoka" kwa t ya meno, anamwambia mgeni wake kwamba amechoka. Mgeni huelewa kwamba mwenyeji ametoka mahali fulani, akaendelea kumwuliza maswali hadi usiku.

Kosa hilo ni dogo. Lililo kubwa ni kudhani kwamba aliyekosea ni mwenyeji. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo ulihusu vitabu na shule, na haukuwa hukumu juu ya usahihi wa lahaja nyingine. Hata hivyo, msemaji wa lahaja aliyesahihishwa darasani utotoni huwa amejifunza kuificha mbele ya mtu mwenye daftari. Wanaisimujamii, wakimfuata William Labov, hulizungumzia tatizo hili kwa jumla: mtafiti anataka kusikia watu wanavyosema asipokuwapo, naye yupo. Kanda za siku za mwanzo hujaa Kiswahili cha wageni.

Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu jembe, hufasiriwa mara nyingi kama onyo kwa wavivu. Kwa mtafiti ina maana nyingine: kabla ya kupewa jembe, yeye ni mgeni anayesemeshwa kwa adabu, baada ya hapo ni mtu wa nyumba anayesemeshwa kama wengine. Wala jembe si sitiari tupu kwa Wabajuni, ambao hujulikana zaidi kwa uvuvi. Wengi wao walilima upande wa bara, na vave, utungo wao mrefu wa wakulima, huambatana na shughuli ya kuchoma moto msitu uliofyekwa. Vita vya shifta vya mwaka 1963 hadi 1967 viliwaondoa wengi katika mashamba hayo. Mwanafunzi anayeomba kuimbiwa vave siku ya pili ya ugeni wake huwa anaomba kazi, mahali na hasara kwa pamoja, bila ya kujua.

Mwenyeji na jina lake

Ernst Dammann alipofanya utafiti Lamu mwaka 1936 na 1937, alimtegemea Muhamadi Kijuma, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa nakshi. Kijuma alimnakilia tungo na kumfafanulia maana zake. Mkusanyiko wa tungo za Kiamu ulitoka Ujerumani mwaka 1940 kwa jina la Dammann. Kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke kinachomweka Kijuma mwenyewe katikati ya mjadala kilitoka mwaka 2010, miaka 65 baada ya kufa kwake.

Upande wa pili wa uhusiano huu unaonekana Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa karibu na Bagamoyo, alikwenda huko mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 ilitoka Desturi za Wasuaheli, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni yake, lakini jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten. Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, akaiacha kazi yake mwaka 1905 katika hali ya mzozo. Alipojaribu kurejea nyumbani pamoja na mkewe, watawala wa Kijerumani hawakuwaruhusu kushuka. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafa Berlin mwaka 1927. Jina lake lilipewa nafasi ya mwandishi katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyotoka mwaka 1981. Alikuwa amefika Berlin kwa mwaliko rasmi na mshahara. Ni vigumu kusema kwamba alipata pa kufikia.

Kwa msingi huo, kuwataja wenyeji kwa majina, kwa idhini yao, katika sura ya data badala ya kuwafungia katika ukurasa wa shukrani ni suala la kitaaluma. Mtafiti asiyemtaja mwimbaji humnyima msomaji wake njia ya kujua utungo umetoka nyumba gani na kwa lahaja ya nani. Vivyo hivyo kwa kanda zenyewe: nakala ikibaki chuoni pekee, mjukuu wa mwimbaji atalazimika kuomba kibali ili amsikie bibi yake.

Mjini Mbwajumali mgeni anayefunga mizigo yake huulizwa swali la pili: "Utarudi lini?" Boti huondoka maji yakijaa, na jibu hutakiwa kabla ya hapo.